Nundu Ielekee Bara

Palauli, Savai'i
6 Juni 1988

Dada yangu Aperila,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ila mguu wa Mama bado unabadilishwa bandeji hospitalini kila Jumanne, na nguruwe wetu mkubwa ametoroka mara mbili na kurudi mara mbili. Nadhani hakupata kwingine. Fusi mke wangu anakusalimu. Anasema nikuandikie kwamba yeye ndiye anayeendesha nyumba hii na mimi naandika barua tu. Nimeandika.

Shule imefungwa. Nimesahihisha madaftari arobaini na matatu ya hesabu, nikagundua kwamba wanafunzi wamerithi makosa yangu yote bila kuacha hata moja.

Sasa jambo lenyewe, ambalo si kubwa. Pikapu ya Baba imechoka kidogo. Ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele kama inakwenda Apia, lakini gari linabaki linafikiri. Jumapili tulikipanda kilima cha kanisani kwa mwendo wa mazishi, kukawa na harufu ya nywele zilizoungua. Jumanne iliyofuata, tukimrudisha Mama kutoka hospitali, likagoma barabarani mbele ya nyumba yetu. Jirani yangu Kelemete na wenzake wanaoimba besi walikuwa wanapita kwenda mazoezi ya kwaya, wakalisukuma mpaka uani huku wanaimba. Limekaa palepale walipoliachia, maana wimbo uliisha.

Kwa hiyo sasa Mama atakwenda hospitali kwa basi. Ngazi za basi zinamfika magotini. Dereva atamsubiri kwa heshima, na abiria wote watamsubiri kwa heshima, na wewe unajua Mama anavyochukia heshima ya namna hiyo.

Sikuandikii kuomba kitu. Nakuarifu tu.

Kaka yako,
Lafaele


Apia
20 Juni 1988

Kaka Lafaele,

Salamu. Mimi mzima. Gereji inaendelea. Agosti hii itakuwa miaka miwili tangu Tafito afariki, na wateja bado wanakuja, wanamtafuta mwanamume wa kuongea naye. Nawaambia mume wangu ndiye aliyekuwa akiongea. Chini ya gari nilikuwa mimi. Wengine wanahitaji kukaa kidogo.

Klachi yako imeisha. Ile harufu si ya nywele. Unaendesha huku mguu umeuegemeza kwenye pedeli kama uko kwa kinyozi. Nilikwambia mwaka 1979, ukasema ndiyo Dada.

Kuhusu Mama. Kutoka kwangu hadi hospitali ni hatua mia mbili, tambarare. Nyumba ina vyumba vitatu, na ndani yake tumo mimi na redio. Nasema hivi. Oktoba tisa nitakuja kwenu kwa Jumapili Nyeupe, kusikiliza watoto wakisema mistari yao kanisani, kama kila mwaka. Kama siku hiyo pikapu itampandisha Mama kilima cha kanisani, atabaki kwako na sitalitaja tena. Kama haitampandisha, Jumatatu anaondoka nami kwa feri na atakaa kwangu moja kwa moja.

Neno lako ni lipi?

Aperila


Palauli
10 Julai 1988

Dada yangu Aperila,

Salamu. Mvua imetunyeshea siku nne na imelowesha mikeka yote ya upande mmoja wa nyumba, ule upande ambao Fusi alisema tushushe mapazia na mimi nikasema haitafika.

Umeniuliza neno langu. Nilizaliwa kaka yako, na kwetu kaka hamkatalii dada, kwa hiyo neno langu ni ndiyo, na ulilijua kabla hujanunua stempu. Nimemsomea Mama barua yako. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na mimi nimeulizwa na nani?" Nikasema bado. Akasema, "Basi leteni chai."

Mimi naongeza tu kwamba asubuhi anapoamka huwa anakohoa mara tatu, ndipo jogoo wetu anawika. Sijui jogoo angefanyaje.

Fundi wa hapa kijijini amehamia New Zealand kwa mwanawe. Kwa hiyo kazi nitaifanya mwenyewe. Usicheke. Nina mikono miwili, spana za Baba, na kitabu cha gari ambacho kinakosa kurasa za katikati, ambazo nakumbuka niliwashia moto wa mawe ya kupikia mwaka jana. Nadhani ndizo zilikuwa za klachi.

Najua ni jambo la ajabu kumwomba mtu kitu cha kumshindia. Lakini huna sahani ya klachi ya aina hii hapo stoo, na maelekezo mawili matatu?

Kaka yako,
Lafaele


Apia
24 Julai 1988

Kaka Lafaele,

Salamu kwako, kwa Fusi na kwa Mama. Nimecheka. Nimemaliza.

Dereva wa basi atakuletea mfuko wa mchele. Usimpe Fusi aupike. Ndani kuna sahani mpya na beringi. Tafito alizinunua kwa ajili ya gari hilohilo, alijua hiyo klachi itafika siku yake. Sitaki kushinda kwa sababu mwenzangu hana vifaa.

Fuata nilivyoandika, usiongeze busara.

Inua gari kwa jeki, kisha lilaze juu ya magogo ya minazi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Sitaki kuja Oktoba nikute mazishi pia. Fungua propela. Fungua giaboksi, ivute nyuma polepole, uwe na mtu wa kuipokea. Ni nzito. Usiipokee kwa kifua.

Ukishaitoa utaona kifuniko cha duara kimefungwa kwa bolti sita kwenye gurudumu la injini. Zilegeze moja moja kwa zamu, zunguka kama unagawa karata. Ukikitoa, sahani ya zamani itakuangukia usoni. Humwangukia kila mtu.

Sasa sikiliza. Sahani mpya ina pande mbili. Upande mmoja ni bapa. Upande wa pili una nundu katikati, penye zile springi. Nundu ielekee bara. Ukikosea hapo, umefanya kazi yote kwa ajili ya mazoezi ya mwili.

Chonga kijiti cha mpera kinene kama tundu la katikati ya sahani, kipitishe humo ili sahani ikae sawa, ndipo ukaze bolti. Ukimaliza kukaza, kitoe. Tafito alikisahau mara moja.

Aperila


Palauli
21 Agosti 1988

Dada yangu Aperila,

Salamu. Tuliikumbuka siku ya marehemu shemeji, tukamwombea, na Kelemete aliimba peke yake, jambo ambalo familia nyingine zimeomba asilirudie.

Mfuko ulifika salama. Kazi ilichukua Ijumaa na Jumamosi. Magogo nilipata kwa mchungaji. Miguu yangu ilikuwa imetokeza nyuma ya gari, kuelekea barabarani, na kwa siku mbili kijiji kizima kilisalimia nyayo zangu. "Habari za asubuhi, mwalimu," nami najibu kutoka chini, "Nzuri." Mzee mmoja alisimama akaniuliza kuhusu matokeo ya mjukuu wake. Nikamjibu kwa kusogeza dole gumba, akaenda ameridhika.

Giaboksi niliipokea kwa kifua. Kelemete alikuwa ameshika upande wake vizuri, kisha mtu akapita na habari ya mechi ya raga, akaachia ili asikie. Nililala chini yake kama robo saa. Fusi alipokuja kuniangalia akasema, "Dada yako aliandika usifanye hivyo." Nikamwambia nimekumbuka.

Sahani ya zamani iliniangukia usoni.

Kwa ile sahani mpya tulikuwa makini sana. Fusi alikaa juu ya ndoo na barua yako mkononi. Nikamuuliza, "Nundu?" Akasema, "Bara." Nikauliza tena. Akasema, "Bara, wee mwalimu, imeandikwa." Nikachungulia nje, nikautazama mlima wenyewe uko wapi, ndipo nikaiweka. Kijiti kilikaa sawa. Nilikitoa.

Tulimaliza Jumamosi jioni. Sasa gari limeamua lipumzike kidogo zaidi.

Fusi anakusalimu. Alisema na jambo jingine, lakini karatasi inaisha.

Kaka yako,
Lafaele


Apia
4 Septemba 1988

Kaka Lafaele,

Salamu. Karatasi yako ilikuwa na nusu ukurasa mweupe.

Alilosema Fusi na hukuliandika, nimelisoma. Mwambie hivi: kama ningetaka kumchukua Mama kwa hila, ningetuma sahani ya trekta. Nisingesumbuka kuandika barua ya kurasa mbili.

"Gari limeamua kupumzika" si ugonjwa wa gari. Najua kwa nini unaandika hivyo. Unaona nimekosea na mdomo wako hauwezi kumwambia dada yako amekosea. Ni malezi mazuri, na Mama alifanya kazi yake. Lakini klachi haina malezi. Niandikie kana kwamba mimi ni fundi na wewe ni mteja mkorofi. Zimebaki wiki tano.

Nijibu haya. Ukikanyaga klachi injini ikiwa inanguruma, gia inaingia au inakwaruza? Ukiliwasha likiwa kwenye gia huku umekanyaga klachi, linafanya nini? Na ulipolala chini ya gari unaitazama injini, bahari ilikuwa upande gani?

Aperila


Palauli
18 Septemba 1988

Kwa fundi Aperila,

Salamu sitoi, kwa kuwa mimi ni mteja mkorofi. Mama anatoa.

Barua yako ilikaa siku tisa chini ya kiti cha dereva wa basi, ambaye aliitumia kuzuia kiti kisipige kelele. Zimebaki wiki tatu. Najibu kwa utaratibu.

Gia haziingii. Zinakwaruza, na Mama akisikia anauliza nani anasaga nazi.

Kuhusu kuliwasha likiwa kwenye gia. Nilitumaini hutauliza. Nilikanyaga klachi mpaka mwisho, nikaliwasha, na likaondoka. Nilikuwa nimelikanyagia lisiondoke, likaondoka. Likapita katikati ya kamba ya nguo, likaingia kwenye magimbi ya Fusi, likasimama kwenye mti wa mshelisheli likiwa limevaa shuka letu la harusi. Mama alikuwa ameketi barazani. Akasema, "Afadhali linakwenda." Kelemete na wenzake walikuja kulivuta kinyumenyume hadi pale pale lilipokuwa. Safari hii hawakuimba, walikuwa wanacheka.

Bahari ilikuwa miguuni kwangu. Ingekuwa wapi kwingine?

Sasa nasema jambo la mteja mkorofi, kisha nitarudi kuwa kaka yako. Nimefuata kila neno lako na gari haliendi. Usiku huu Mama ameanza kutafuta sanduku lake la mabati. Sikumuuliza kwa nini. Nimemwonyesha lilipo, kwa sababu aliniuliza.

Kaka yako,
Lafaele


Apia
25 Septemba 1988

Kaka Lafaele,

Barua hii naituma kwa mkono wa nahodha wa feri, si kwa dereva wa basi.

Bahari ingekuwa kichwani kwako. Ndiyo, kichwani.

Baba aliingia uani kinyumenyume maisha yake yote. Tafito vilevile, na mimi vilevile: pua ya gari inaangalia pwani, barabara iko mbele yako, ukiitwa unatoka. Nilipoandika "bara" nilikuwa nimesimama hapa gereji, na nyuma ya kila gari lililo hapa kuna mlima. Nundu inatakiwa iangalie nyuma ya gari, kwenye giaboksi. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema.

Lako lilisukumwa na kwaya. Wameliingiza pua mbele. Pua yako inaangalia mlima, na wewe ukaielekeza nundu mlimani kama ulivyoambiwa, mpaka ikagusa injini. Miaka thelathini nafanya kazi hii na sijawahi kuwaza kwamba mtu wa nyumbani kwetu anaweza kuegesha hivyo.

Sijui hili niliite kosa la nani, na sitaki uniambie.

Fungua tena. Geuza sahani. Nundu ielekee pwani. Sahani haijafa, ni imara. Usiipokee giaboksi kwa kifua. Una siku kumi na nne, toa na za barua hii kufika.

Aperila


Palauli
30 Septemba 1988

Dada yangu Aperila,

Salamu. Nahodha mwenyewe aliniletea barua hadi darasani. Wanafunzi walidhani nimeteuliwa kitu.

Kosa ni la besi. Nimewaambia, na wamekubali kwa pamoja, kwa sauti tatu.

Naandika haya mafupi kwa sababu mikono ina grisi, kama unavyoona pembeni. Tutakupokea gatini Jumamosi kwa basi. Usiniulize mengine. Kama nikikuambia linakwenda utakuja umenuna, na kama nikikuambia haliendi utakuja umefurahi, na sijui lipi litanishinda kulitazama.

Kaka yako,
Lafaele


Apia
16 Oktoba 1988

Kaka Lafaele,

Salamu kwenu. Nimefika salama. Feri ilikuwa na mawimbi na mchungaji mmoja alitapikia kofia yake.

Naandika kwa sababu tulipoagana hatukusema kitu, na mtu anaweza kuelewa vibaya.

Jumapili asubuhi ulipomfungulia Mama mlango wa mbele wa pikapu, na yeye amevaa nyeupe na kofia yake kubwa, nilipanda nyuma pamoja na Fusi. Ulidhani nimepanda nyuma kwa ajili ya Mama apate nafasi. Nilipanda nyuma ili ninuse. Tulipofika pale kilima kinaposimama wima, kwenye kona ya msalaba, nilifumba macho nikavuta pumzi. Hakukuwa na harufu. Ulibadilisha gia mara moja, ikaingia kama kisu kwenye papai. Mguu wako haukuwa kwenye pedeli. Nilichungulia kupitia kioo cha nyuma.

Mama hakugeuka kunitazama. Alipunga mkono kwa watoto waliokuwa wakipanda kwa miguu.

Nilisikia mistari yote ya watoto. Nikawagawia chakula ili wao wale kwanza kabla ya wakubwa, kama kawaida ya siku ile, na wakati nagawa sikuwa nasikia waliyokuwa wananiambia.

Jumatatu, nilipoona sanduku la mabati nyuma ya pikapu, nilidhani kitu. Nililibeba mwenyewe hadi kwenye feri. Nikalifungua tulipokuwa katikati ya maji. Shelisheli za kuokwa, magimbi yaliyofungwa kwenye majani, na shuka la harusi lenye alama ya tairi, Mama ameandika kwenye karatasi, "Lifue wewe, huko kuna sabuni nzuri."

Limefuliwa. Alama haitoki.

Niliahidi sitalitaja tena. Sitalitaja. Kazi yako ni safi, hata kwa fundi ningeilipia.

Aperila


Palauli
30 Oktoba 1988

Dada yangu Aperila,

Salamu. Sisi wazima. Nguruwe hajatoroka mwezi mzima, na Fusi anasema sasa ndipo tuwe na wasiwasi.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilipofika pale unaposema hutalitaja tena, nilisoma taratibu kidogo, nikiwa na furaha ambayo leo naona aibu nayo. Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha mazungumzo yakawa hivi, nayaandika yalivyo.

"Gari linakwenda?"

"Linakwenda, Mama."

"Linapanda kilima?"

"Umelipanda mwenyewe."

"Linaingia kwenye feri?"

Nikasema magari mengi yanaingia.

"Basi kwa nini tumekaa?"

Nikamwambia tulikuwa tumeshinda, na kushinda ilikuwa ni kukaa. Akasema nyinyi wawili mmeshindana miezi mitano nani aniweke wapi, na mimi nilikuwa nasubiri tu gari lipone, kwa sababu yule mtoto anakula na redio. Halafu akaniambia ningefundisha hesabu vizuri zaidi kama ningekuwa nasikiliza.

Tunakuja Alhamisi ya tarehe kumi Novemba kwa feri ya asubuhi. Anabeba mkeka wake, ule mzuri, si ule wa safari. Shuleni nimeomba ruhusa ya siku mbili. Yeye hajasema anakaa muda gani, nami sikuuliza, nimejifunza. Nakuomba kitu kimoja tu: asubuhi akikohoa mara tatu, washa taa, huwa anatafuta miwani.

Nikifika nitaegesha gari hapo gereji kwa kinyumenyume, pua ikiangalia pwani, kama Baba. Ili siku ya kurudi tusihangaike kugeuza.

Kaka yako,
Lafaele


Apia
5 Novemba 1988

Kaka Lafaele,

Chumba kiko tayari. Taa nimeiweka karibu na kitanda.

Ukifika, ingiza pua mbele. Hakuna haraka ya kugeuza.

Dada yako,
Aperila